Orodha Inayojiandika Yenyewe

"Anti, sasa kompyuta inajuaje cha kuandika kwenye orodha, na wewe hujaiambia?"

Fardowsa alikuwa darasa la sita alipouliza hivyo. Alikuwa amepanda juu ya kreti ya soda nyuma ya kiti cha Rispa, andazi mkononi, macho yameganda kwenye skrini. Rispa alikuwa ametoka tu kubonyeza mahali, na orodha nzima ya michoro ikajitokeza kwenye ukurasa uliokuwa mtupu: jina la mchoro, nukta zimejipanga kama siafu, kisha nambari ya ukurasa kule mwisho. Hakuna aliyeipiga chapa. Ilikuwa kama mtu ameingia dukani bila kupita mlangoni.

"Inajua tu, mami. Hii mashine imesoma kuliko wewe."

"Imesomea wapi?"

"Ng'ambo."

"Na huko ng'ambo waliijulia wapi mitego ya inzi ya Lambwe?"

Rispa alicheka hadi akashika kifua. "Yakub! Kuja uchukue mtoto wako, ananiuliza maswali ya inspekta."

Yakub, baba yake Fardowsa, alikuwa kaunta akipanga kalamu na madaftari. Hakuinua hata kichwa. "Mjibu wewe. Mimi akiniuliza najificha stoo."

Basi swali likabaki hapo, halina mwenyewe.

Duka hilo lilikuwa Migori mjini. Kompyuta ilikuwa ya Yakub, aliinunua kutoka kwa ofisi moja ya tumbaku iliyokuwa ikifungwa, akaiweka kwenye kona na kumkabidhi Rispa, kwa sababu yeye mwenyewe aliiogopa kama nyoka. Rispa hakuiogopa. Alikuwa amepiga tapureta kwa miaka mingi kule Homa Bay, na mtu aliyezoea tapureta anaamini jambo moja: ukilipiga neno, limepigwa. Litakaa pale kwenye karatasi hadi mchwa aje. Ukitaka kulitoa itabidi ulikwangue kwa wembe, na hata hivyo kovu litabaki.

Kazi yake ya Homa Bay ilikuwa katika mradi wa kupambana na mbung'o, wale inzi wanaoleta malale, ambao walikuwa wamewatesa watu na ng'ombe wa bonde la Lambwe tangu enzi za mababu. Huko ndiko alikompata Boaz Ogweno. Boaz aliajiriwa kufyeka vichaka. Kisha ikaonekana kuwa ana mkono, akapewa kazi ya kushona mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi. Kisha ikaonekana kuwa anachora. Alichora mitego kwa penseli juu ya vipande vya maboksi, kila mshono mahali pake, kila kijiti, na pembeni majani ya ile nyasi ya Lambwe yakiinama upande mmoja kwa upepo. Daktari Makori, mkubwa wa mradi, aliviona vile vipande vya boksi akasema, "Huyu afyeke nini tena? Mpeni karatasi nzuri."

Kwa hiyo Boaz akawa analeta michoro ofisini ili Rispa aipigie maneno chini yake. Ndivyo walivyoanza. Angeegemea meza, harufu ya moshi wa kichaka kwenye shati lake, na kumnong'oneza, akimwita kwa Kijaluo binti wa Rangwe.

"Nyar Rangwe, piga na jina langu hapo chini. Dogo tu. Kama la mchwa."

"Daktari atanifuta kazi."

"Akikufuta nitakuoa."

"Na asiponifuta?"

"Nitakuoa na mshahara wako."

Jina hakulipiga. Lakini walioana.

Hebu fikiria mtu anayeweza kuchora nyasi ikiwa inainama. Rispa aliwahi kumwambia Fardowsa kwamba alipohamia kwa akina Boaz, huko Lambwe, alilitambua boma kabla ya kuonyeshwa, kwa sababu alikuwa ameshaliona kwenye pembe ya mchoro mmoja, dogo, nyuma ya mtego, na mti wa mkuyu umeegemea ua.

Mtoto hawakupata. Walikuwa bado wanasema "mwaka ujao" Boaz alipoanza kuugua. Homa, kisha kukonda, kisha usingizi wa mchana ambao haukumwacha amalize sentensi. Wengine walisema ni malale, imempata kazini. Wengine walinong'ona jina la ugonjwa mwingine, ule ambao siku hizo ulitajwa kwa kunyoosha midomo tu. Rispa hakuambiwa, na hakuuliza. Walimzika nyumbani, upande wa kushoto wa nyumba yake mwenyewe, na mvua ikanyesha juu ya kaburi kabla halijakauka.

Baada ya matanga, Nyagudi, mdogo wake Boaz, alikuja na wazee kumwambia Rispa kwamba yeye yuko tayari kumrithi, kama desturi inavyotaka. Rispa alikataa. Nyagudi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa suruali zilizopigwa pasi, na hakuwa amezoea kukataliwa mbele ya watu. Hakumsamehe. Rispa alifunga nguo zake akaenda Migori, kwa maana mradi nao ulikuwa umepunguza wafanyakazi, na Yakub alikuwa anatafuta mtu wa kona yake.

Mtu mmoja tu kule bomani aliendelea kumwita mtoto wake. Mama yake Boaz, kikongwe mwenye sauti kama ya mwanaume, ambaye kila mtu wa rika la chini alimwita Dani, yaani bibi. Rispa alimtembelea kila alipoweza. Wangeketi jikoni, Dani akichambua omena, wale dagaa wa ziwani, na hapo ndipo maneno yenyewe yalipotokea.

"Mke wa Nyagudi ana mimba," Dani alisema siku moja.

"Nimeona, Mama. Mungu ni mwema."

"Akizaa mtoto wa kiume..." Dani akatupa kichwa cha omena kwa paka.

Rispa alijua alichonyamazia. Katika boma lile mtoto hupewa jina la mtu aliyelala. Akilia sana baada ya kuzaliwa, mzee wa nyumba humpakata na kumwitia majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, hadi atakaponyamaza. Jina lililomnyamazisha ndilo lake. Mwenye jina amerudi. Lakini mtu akiitwa katika orodha ile ni lazima awe ameacha kitu duniani, na kwa kawaida kitu hicho ni mtoto. Aliyekufa bila mtoto hurukwa. Si kwa ubaya. Hurukwa tu, na baada ya muda hakuna anayekumbuka kwamba kuna aliyerukwa.

"Mama, Boaz ameacha," Rispa alisema.

"Ameacha nini, chi wuoda?" Ndivyo alivyomwita, mke wa mwanangu. "Nionyeshe nikishike."

"Michoro. Daktari Makori anaandika ripoti kubwa ya kazi yote ya mbung'o. Michoro ya Boaz imo ndani. Ni kitabu, Mama, kitaenda Nairobi, kitaenda kwa wazungu. Na mimi ndiye nitakayekipiga chapa. Jina lake litakuwa ndani."

Dani aliacha kuchambua omena. Alikuwa mama, na alitaka sababu. Alitaka tu mtu ampe sababu ambayo Nyagudi hangeicheka.

"Kitabu kikiletwa hapa," akasema, "na kikisomwa hapa kwangu, na nikasikia jina la mwanangu likitoka ndani yake kama vile linavyotoka kanisani, basi huyo ameacha kitu. Nitaliita."

Rispa alirudi Migori akiwa na furaha ambayo ilimtia hofu.

Daktari Makori alimletea kazi yenyewe mwaka wa tisini na tano, disketi na mafaili na michoro iliyopigwa picha kwa mashine ya ofisini. Alikuja Migori makusudi, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyeweza kusoma mwandiko wake. Alikaa kwenye kreti ya Fardowsa, magoti juu, akieleza anavyotaka.

"Ramani, picha, michoro, vyote viwe na maneno chini. Na kule mbele, orodha ya michoro. Ile ya kujiendesha. Usiipige kwa mkono, Rispa, kwa sababu nitabadilisha kurasa mpaka uchoke."

"Na jina la Boaz, Daktari? Chini ya michoro yake."

Daktari alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka. "Jina la mchoraji chini ya kila mchoro? Watasema hii ni studio ya picha. Chini ya mchoro kuna nafasi ya maneno machache tu." Kisha akamtazama Rispa usoni, na labda akakumbuka vipande vya maboksi. "Basi liweke kule mbele. Kwenye orodha, baada ya jina la mchoro. Huko hakuna anayesoma, halitamsumbua mtu."

"Asante, Daktari."

"Lakini liwe dogo."

"Kama la mchwa," Rispa alisema, na Daktari hakuelewa kwa nini alikuwa anatabasamu huku macho yamejaa.

Alijifundisha mwenyewe. Kulikuwa na kijitabu kilichokuja na mashine, kurasa nyingine zimekatika, na Fardowsa alimsomea maneno magumu ya Kiingereza huku akiyatamka vibaya kwa ujasiri mkubwa. Walielewa hivi: chini ya kila mchoro unaiambia mashine, haya ni maelezo ya mchoro, na mashine inayawekea alama yake na nambari. Kisha kule mbele unaiomba orodha, nayo inatokea. Siku ilipotokea kwa mara ya kwanza ndiyo siku Fardowsa alipouliza swali lake.

Rispa hakuona haja ya jibu. Orodha ilikuwa pale, nzuri, imenyooka. Alichukua kipanya, akakiweka mwisho wa kila mstari wenye mtego wa Boaz, akapiga kwa vidole vyake, herufi moja moja, kama anayeshona: B. Ogweno. Mtego wa pembe tatu, B. Ogweno. Mtego wa kichaka cha mtoni, B. Ogweno. Mtego ulioangushwa na nyati, B. Ogweno. Alipofika mwisho alichapa ukurasa ule mmoja kwa printa, ile ya kelele iliyofanya wateja wa Yakub waruke, akauinua juu kwenye mwanga wa mlango.

"Umeona?" alimwambia Fardowsa.

"Nimeona. Lakini si ulisema inajiandika yenyewe? Sasa mbona umeiandikia?"

"Nimeiongezea tu kitu ambacho haikujua."

Alikunja karatasi ile, akaiweka ndani ya Biblia.

Siku ya mwisho Daktari Makori alifika asubuhi, dereva wake hajazima gari. Disketi ilikuwa inaenda Kisumu kwa mchapishaji siku hiyohiyo. Na mkononi alikuwa na picha moja zaidi, ya mgeni mkubwa wa ng'ambo akishika mtego na kutabasamu kama aliyenasa samaki.

"Hii lazima iingie mwanzo kabisa. Ndio waliotoa pesa."

"Ikiingia mwanzo, Daktari, nambari zote zitasogea."

"Si ndiyo maana tunatumia mashine? Haraka, Rispa. Stima yenyewe inapepesa."

Ilikuwa kweli. Balbu ya duka ilikuwa inafifia na kurudi, inafifia na kurudi, na Yakub alikuwa amesimama karibu na swichi akisema bismillahi. Rispa aliingiza picha. Akaipa maelezo yake. Michoro yote ikasogea hatua moja, wa kwanza ukawa wa pili, wa pili ukawa wa tatu, bila malalamiko. Akaenda kwenye orodha na kuiambia ijirekebishe. Mashine ikamuuliza: nirekebishe nambari za kurasa tu, au orodha nzima?

Mtu angefanya nini? Akirekebisha nambari tu, picha ya mgeni isingeingia kwenye orodha, na mgeni ndiye aliyetoa pesa. Na tena, mpiga chapa mzuri akiulizwa kama anataka sehemu iwe sawa au yote iwe sawa, atasema yote. Rispa alichagua orodha nzima.

Skrini ikacheza. Orodha ikarudi, mpya. Alitazama juu: mgeni yuko, wa kwanza, na ukurasa wake. Ramani ya bonde, ipo. Picha ya ng'ombe wagonjwa, ipo. Kurasa ziko sawa. Zile za mitego zilikuwa chini, hazijaingia kwenye skrini, na macho ya mpiga chapa yamefundishwa kutafuta kosa lililopo. Hayajafundishwa kutafuta kitu ambacho hakipo. Balbu ikafifia tena.

"Hifadhi, hifadhi!" Daktari akapiga kelele.

Akahifadhi. Disketi ikatoka. Gari likaondoka. Stima ikapotea kabisa mji mzima, na Rispa akakaa pale gizani mchana kweupe, akicheka na Yakub kwa jinsi walivyoponea chupuchupu.

Mtoto wa Nyagudi alizaliwa kabla kitabu hakijatoka. Wa kiume. Alikuwa mlizi. Alilia akinyonya, alilia akilala, hadi wanawake wa boma wakasema huyu anadai jina. Dani akawazuia. "Ngojeni," alisema, "kuna kitu kinakuja." Nyagudi alisonya, lakini hakuthubutu kumpinga mama yake.

Kitabu kilifika ofisi ya Homa Bay, na Rispa akaenda kukichukua chake mwenyewe. Kilikuwa kimefungwa kwa karatasi ya kaki. Katibu wa ofisi, Pamela, ambaye walifanya kazi pamoja zamani, alimwambia, "Si ukifungue basi tuone!" Rispa akakataa. Alitaka mtu wa kwanza kukifungua awe Dani. Alikuwa ameshaliona jina kwa macho yake, alikuwa ameligusa, alikuwa nalo ndani ya Biblia. Afungue atafute nini? Alipanda baiskeli ya boda boda kutoka barabarani, kitabu amekipakata kifuani njia nzima, na mwendeshaji akamuuliza kama amebeba mtoto.

"Karibu hivyo," alisema.

Walikuwa wamekusanyika. Dani alikuwa amevaa lile gauni la kanisani. Mke wa Nyagudi alikuwa kwenye mkeka na mtoto, ambaye angalau mara hii alikuwa kimya, akitazama paa. Dani alifungua karatasi ya kaki polepole bila kuirarua, akapitisha kiganja juu ya jalada, akanusa. Kisha akampa Nyagudi.

"Mwalimu. Soma. Anza mbele, kwenye majina."

"Ni Kiingereza, Mama."

"Si ndicho tulichokuuzia ng'ombe ukisome? Soma."

Nyagudi alipata orodha ya michoro. Akasoma kwa sauti ya darasani, Kiingereza kwanza, halafu akitafsiri. Mgeni akishika mtego. Ramani ya bonde la Lambwe. Ng'ombe wagonjwa. Rispa alikuwa ameshika ncha ya leso yake. Sasa, alijiambia. Sasa.

"Mtego wa pembe tatu, ukurasa wa thelathini na moja."

Rispa alidhani ameruka. "Endelea mwisho wa mstari," alisema.

"Nimeendelea. Ukurasa thelathini na moja. Mtego wa kichaka cha mtoni. Mtego ulioangushwa na nyati." Nyagudi akageuza ukurasa. "Imeisha."

"Shemeji, soma tena. Kuna jina."

"Kuna nukta, kuna nambari. Wewe ndiye uliyepiga. Njoo utusomee jina."

Akaenda. Akapiga magoti. Akapitisha kidole kwenye mstari, kutoka kushoto hadi kulia, kisha kutoka kulia hadi kushoto kama labda lilikuwa limejificha kwenye nukta. Akafungua ukurasa wa mchoro. Mtego ulikuwepo, mzuri, nyasi ikiinama. Chini yake maneno machache, na halafu weupe.

"Yawa, jamani," mtu alisema nyuma.

"Nililiandika!" Rispa alitoa Biblia kwenye mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa. "Tazameni. Hii hapa. B. Ogweno, B. Ogweno, B. Ogweno. Lilikuwepo."

Nyagudi aliichukua, akaiangalia, akaipeleka kwenye mwanga kama mtu anayekagua noti. "Hii ni karatasi ya mashine yako, shemeji. Hata mimi nikija huko Migori utanichapia kwamba mimi ni Rais."

Watu wawili watatu walicheka. Walicheka kidogo tu, kisha wakaona aibu.

Dani hakucheka. Alichukua kitabu kutoka mikononi mwa Nyagudi, akakifunga, akakiweka kwenye mapaja yake. Alimtazama Rispa, na Rispa alitamani angemtukana.

"Chi wuoda, ulisema litatoka kitabuni."

"Nilisema, Mama."

"Halikutoka."

"Halikutoka."

Hapo ndipo mtoto alipoanza. Alilia kwa nguvu zake zote, uso umekuwa mweusi kwa hasira, mgongo umepinda. Mama yake alimpa ziwa, akalitema. Dani akanyoosha mikono, akampokea, akaanza kumtikisa taratibu na kuita majina. Aliita la babu wa mtoto, Nyangweso. Mtoto akalia. Aliita la Odero. Akalia. Aliita la mjomba aliyekufa kwenye vita vya Waingereza. Akalia zaidi. Kila jina lilipoitwa, Rispa alisubiri linalofuata, kwa sababu baada ya yale ya zamani huja ya karibu, na aliyekufa karibuni zaidi katika boma lile alikuwa amelala hatua chache tu kutoka pale, upande wa kushoto. Mke wa nyumba haruhusiwi kuita. Angeruhusiwa, angeliita kwa sauti ya kuangusha paa.

 Midomo ya Dani ilifunguka, na Rispa aliapa baadaye kwamba aliona herufi ya kwanza ikijiunda pale. Kisha kikongwe aliteremsha macho kwenye kitabu kilichokuwa chini ya mtoto, akafunga mdomo. Alipoufungua tena, aliita, "Abuto."

Abuto alikuwa mwizi wa mbuzi. Hakuna jambo jingine lililokumbukwa juu yake. Lakini alikuwa ameacha watoto.

Labda mtoto alikuwa amechoka. Labda ni ziwa lililokuwa limerudishwa mdomoni mwake saa ileile. Alinyamaza. Wanawake wakapiga vigelegele, Nyagudi akasema, "Karibu nyumbani, Abuto," na watu wakainuka kwenda kutafuta kuku. Rispa alibaki amepiga magoti mkekani.

Jioni kabla ya kuondoka alipita kaburini. Nyasi ilikuwa imelimeza, na hakukuwa na msalaba tena, mchwa walikuwa wameula.

Alimwendea Daktari Makori, bila shaka. Daktari alisikitika kwa dhati, akasema makosa kama hayo hurekebishwa kwenye toleo la pili. Lakini mradi ulifungwa mwaka uliofuata, na toleo la pili halikutoka. Dani alifariki kabla ya mwaka wa tisini na nane kuisha, na baada ya hapo Rispa hakuwa na mtu wa kumtembelea Lambwe. Siku ya mazishi alimwona mtoto, mnene, anakimbiza bata. Watu walimwita, "Abuto! Abuto, rudi!" naye aligeuka kila mara, kwa sababu ndilo jina lake.

Kule Migori aliendelea na kazi. Barua za maombi, matangazo ya mazishi, mitihani ya shule. Lakini mchana ambapo hakuna mteja, Yakub na mkewe Kaltum walimwona akifungua nakala ya kazi ile iliyobaki kwenye mashine. Angeenda kwenye orodha. Angepiga B. Ogweno mwisho wa mstari. Kisha angeiambia orodha ijirekebishe, yote, na jina lingeondoka, bila kovu, bila hata mahali pa kuonyesha kwamba kulikuwa na kitu. Angelipiga tena. Lingeondoka tena.

"Mwambie aache," Kaltum alimnong'oneza mumewe.

"Nimwambie aache nini? Hafanyi kitu."

Fardowsa alikuwa kidato cha pili, amerudi kwa likizo, aliporuhusiwa kukaa kwenye kiti chenyewe cha Rispa. Shule yao ilikuwa imeanza kufundisha kompyuta, na mwalimu alikuwa amewapa kazi ya kuandika juu ya ziwa, yenye michoro na orodha yake. Alikuwa amebonyeza mahali pa orodha na mashine ikamjibu kwamba haikupata mchoro wowote. Michoro ilikuwepo! Ilikuwa mitatu, mikubwa, ameipigia maneno chini kwa mkono wake.

"Anti, imeniambia hakuna. Mbona inasema hakuna, na ninaiona?"

Rispa alikuwa amesimama nyuma yake, mahali palepale kreti ya soda ilipokuwa. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe mbele, ingawa hakuwa mzee. Alitazama skrini, yale maneno ya Fardowsa yaliyopigwa vizuri, wazi kabisa kwa mtu yeyote mwenye macho.

"Uliwahi kuniuliza," alisema, "ukiwa mdogo. Ukiwa na andazi. Uliniuliza inajuaje cha kuandika."

"Na ukasema imesoma ng'ambo."

"Nilisema." Rispa aliweka mkono juu ya mkono wa msichana, akausukuma pamoja na kipanya hadi chini ya mchoro wa kwanza, akauacha hapo. "Haijui kitu, Fardowsa. Inaokota tu vile vilivyowekewa alama huku chini. Boaz wangu sikumwekea alama."